Kochi la Mgeni

Mvua ilinyesha kutwa na kucha, ikasomba hata viatu vya watu vibarazani, lakini lile kochi lililotupwa kwenye pembe ya kichochoro halikurowa.

Wa kwanza kuliona jambo hilo alikuwa Mahfudha, naye alitamani asingekuwa yeye. Alisimama na mwavuli wake mbele ya rundo la taka. Magodoro yalikuwa yamefura maji, friji bovu lisilo mlango limejaa hadi pomoni, kabati la mtu limeachana mbao. Na katikati ya vyote hivyo, kochi jekundu la mahameli, kavu, limetulia. Mahali palipostahili kunuka uvundo palinukia udi. Mahfudha alijiziba pua kwa buibui akaenda zake mbio, akijiambia kwamba jirani fulani anafukiza nguo.

Mwaka ule, tisini na saba, kila mtaa wa Mombasa ulikuwa na kilio chake cha taka, lakini kilio cha Mji wa Kale kilikuwa na sababu yake. Lori haliingii vichochoroni. Wenye mikokoteni huchukua maganda na majivu, ukiwaonyesha kitanda wanakugeuzia mgongo. Na sisi watu wa huku tuna tabia moja: hakuna anayekubali kuwa wa kwanza kutupa, ila akishatupa mmoja, kila nyumba hukumbuka kwamba ina mzigo. Kochi lilitangulia, godoro likafuata, na kabla watu hawajajua la kufanya rundo lilikuwa limefika kwenye madirisha ya chini. Mtaa mzima ukawa unaulizana nani aliyeanza. Kila mtu aliapa si yeye. Wote walisema kweli isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wenzake.

Ndiyo, alikuwa Mahfudha.

Lakini nani angemdhania? Mahfudha ndiye aliyewasomesha darsa wanawake wa mtaa sebuleni kwake kila alasiri. Mumewe alikuwa Jedda kikazi, naye aliishi na binti yake wa pekee, Sheikha, aliyekuwa karibu kuvunja ungo. Alikuwa na elimu, alikuwa na heshima, na alikuwa na ulimi. Ulimi huo aliunoa hasa kwa watu wa pungwa na makombe, wanaotibu wagonjwa wa majini. Mzee Badawi, mshona kanzu aliyewasomea wagonjwa, Mahfudha alikwisha kumpa jina la muuza moshi mbele ya kina mama wote, nao walicheka mpaka machozi yakawatoka. "Anayemfukizia jini udi nyumbani kwake," alikuwa akisema, "amempa Mungu mshirika, na mimi chai yake siinywi."

Kumbe nyani haoni kundule. Juu ya sebule hiyo hiyo, katika chumba cha marehemu mama yake, Bi Mwatime, lilikaa kochi ambalo halikukaliwa na mtu. Kila Alhamisi jioni Bi Mwatime alilifuta kwa marashi, akaweka chetezo chini yake na gilasi ya sharubati mkononi mwa kochi. Aliyekuwa akikaa hapo alimwita mgeni tu. Alimrithi kwa mama yake kama watu wengine wanavyorithi kinu. Aliyembebea makaa alikuwa Sheikha, na Mahfudha alijifanya haoni. Akija mtu kumjulia hali bibi na kutaka kukaa, Mahfudha humwambia, "Hilo mbao zake zimeliwa, utaanguka." Alimwonea haya mama yake. Hilo ndilo neno lake, hakuna haja ya kulipamba.

Bi Mwatime, kabla ya kukata roho, alimshika mkono. "Ukimtaka aende, muage. Mfukizie, mwambie kwa heri mbele ya watu wa nyumba. Mgeni hatupwi."

Baada ya hitima ya arubaini mtaa mzima ulikwenda harusini upande wa pili wa mji. Mahfudha alibaki nyuma akisema kichwa chamuuma, akaita mahamali wawili wasiomjua, wakaliteremsha kochi wakalitupa penye pembe. Hakufukiza. Hakuaga. Alifunga mlango, akashukuru Mungu, akaoga.

Qaidjohar, mwenye duka la vitu vya kale, alilipenda lile kochi akalibeba kwa mkokoteni. Jioni ile ile lilirudi. Yeye mwenyewe alilisindikiza, akaliweka pale pale lilipokuwa, taratibu, kama anayemsaidia mtu mzima kukaa.

"Mbona walirudisha wewe?" Mahfudha alimuuliza kutoka mlangoni.

"Bibi, hiki kiti kipo mtu yake," Qaidjohar alisema bila kumtazama. "Mimi hapana taka."

Watu walipoanza kunong'ona, Mahfudha alifanya kosa ambalo mwenye aibu peke yake ndiye hulifanya. Alijitia kimbelembele. Aliwakusanya wanawake wa darsa akawaongoza hadi ofisi ya taka, akampigia meza afisa wao, Kaingu, mtu mpole wa Kaloleni aliyekuwa akila mihogo yake.

"Sisi ni watu au ni kuku, bwana?" aliuliza. "Twaishi na majaa milangoni!"

"Mama, kila mtaa walia," Kaingu alisema akifuta mikono. "Wa Ganjoni wamenijia na mafriji, wa Feri na mitumbwi mibovu. Lori ni moja na tairi zake ni za kuombea dua."

"Basi twakaa hapa hapa hadi lije."

Kaingu aliwatazama wanawake wale, na buibui zao, na miavuli yao. "Msikae, mama zangu. Nitakuja mwenyewe."

Walirudi wakimsifu Mahfudha njia nzima. Alizipokea zile sifa, na kila moja ilimchoma.

Alipofika nyumbani alimkuta Sheikha amelala, mchana kweupe, macho yako darini.

"Waumwa?"

"Siumwi, mama. Miguu mizito."

"Umekwenda mbio shuleni."

"Sikwenda mbio." Mtoto alinong'ona, kana kwamba kuna mtu hataki asikie. "Yuwanikalia."

"Nani?"

"Mgeni. Hana pa kukaa."

Mahfudha alimsomea Ayatul Kursiy, akampuliza, akamfunika shuka. Kisha aliona kwamba ile shuka, pale juu ya miguu ya mwanawe, haikulala kama shuka zinavyolala, ilikuwa imebonyea na kukazwa pande zote mbili, na godoro chini yake lilikuwa limedidimia, na alipotia mkono wake pale aikunjue alihisi ubaridi wa mahameli, laini, wenye manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja, na harufu ya marashi ya mama yake ikampanda puani akiwa hata hajaondoa vidole.

Siku zilizofuata Sheikha hakuweza kusimama. Daktari alimgonga magoti, akaandika vidonge, akasema labda ni mishipa. Kila adhuhuri, mtaa ukiwa umesinzia na hata paka wamelala, Mahfudha alisikia kule juu kwenye chumba kitupu cha mama yake springi zikilia, kwanza taratibu, kama mtu anayejaribu kiti kwa upande mmoja, kisha kwa nguvu, kisha kimya, na baada ya kimya zikaja nyayo ngazini, nzito, zisizo na haraka, zikipita mlango wa sebule, zikipita mahali alipokuwa amekaa na msahafu mkononi bila kuona hata herufi, zikielekea kwa mtoto, na mtoto akiguna kidogo tu, kama anayetwishwa ndoo ya maji.

Na hata hapo hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Angeanzia wapi?

Kaingu alikuja kweli. Lori liliachwa barabarani, vijana wake wakaingia na mikokoteni, na mtaa mzima ukatoka kushangilia. Walibeba magodoro, walibeba friji, walibeba kabati. Kochi walilizunguka.

"Mbona hilo mwaliwacha?" mtu mmoja aliuliza.

Kijana mmoja alitikisa kichwa. "Lina joto, bwana Kaingu. Kama lililotoka kukaliwa sasa hivi."

Kaingu aliinama, akanusa, akanyooka upesi. Kwao Kaloleni vitu kama hivi havifanyiwi mzaha. "Jamani," alisema, "mimi sitafuti wa kumtoza faini. Nataka mwenyewe ajitokeze aseme neno moja tu: nimeliaga, lichukueni. Kochi hili la nani?"

Mahfudha alikuwa mbele kabisa, wanawake wake nyuma yake. Hapo ndipo sauti ilipotoka kwenye dirisha la juu la nyumba yake.

"Mama! Mama, waambie! Waambie wasimchukue!"

Nyuso zote zilimgeukia. Alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Neno lilikuwa mdomoni, neno dogo, hata pumzi nzima halihitaji. Aliwaona Mzee Badawi na wanagenzi wake penye duka la kushonea, uzi ukining'inia midomoni. Kama angelikuwa hayupo yule mzee, labda angelisema.

"Mwanangu ana homa, yuwaweweseka," alisema. "Kochi silijui. Lichukueni!"

"Mama?" Sheikha aliita tena, taratibu sasa.

Walilichukua. Lilipopita mbele yake kwenye mkokoteni, Mahfudha aliona mahameli ya kiti ikipanda na kujaa, pale ilipokuwa imebonyea. Aliyekuwa amelikalia alikuwa ameshuka.

Usiku huo ubaridi ulifika kiunoni mwa mtoto. Asubuhi Mahfudha alikwenda kwa Mzee Badawi, kupitia mlango wa uani. Alitaka kuanza kwa kuomba radhi, akashindwa, akalia. Mzee aliutua mkasi.

"Najua kochi la mamako," alisema. "Mimi ndiye niliyemshonea kitambaa kile. Nilikuwa nikingoja useme jana."

"Basi kwa nini hukusema wewe?"

"Halikuwa langu, mwanangu." Hakusema kwa kejeli, na hilo lilimuumiza zaidi. "Nenda kalirudishe, umuage inavyopasa. Ukilikosa, ujue yeye hakosi pa kukaa. Amechagua kwa mwanao. Usipompa pengine, atakaa hapo hapo mpaka apande kifuani."

Alikwenda hadi Kibarani, kwenye jaa kuu la mji, yeye mwalimu wa darsa, akapanda majaa kwa mikono na magoti, buibui limejaa tope, kunguru na waokotaji wakimtazama. Miaka yote watu wa mji walilalamika kwamba ofisi ya taka haifanyi kazi. Kwa lalamiko lake yeye ilikuwa imefanya, na ilimaliza. Moto ulikuwa umepita usiku, na kilichobaki ni springi, nyeusi, zimesimama wima juu ya jivu. Alizigusa. Zilikuwa baridi.

Alirudi nyumbani alasiri, karibu na wakati wa darsa. Sheikha alikuwa anapumua kwa shida, na bonyeo la shuka lilikuwa tumboni. Chini vibarazani wanawake walianza kukusanyika, wakiulizana mbona mlango umefungwa. Mahfudha alikaa kwenye kiti cha miyaa kando ya kitanda. Alijipigapiga magoti, kama mama anayemwita mtoto ampakate.

"Muache mwanangu," alinong'ona, akimwita aje. "Ndoo ukae hapa."

Hakuna kitu kilichosogea.

"Asema hakusikii, mama," Sheikha alisema, macho yamefumbwa.

"Ndoo ukae hapa."

"Asema pale njiani ulisema kwa sauti."

Mahfudha aliliangalia dirisha lililokuwa wazi. Aliwaza kulifunga. Mkono ulinyanyuka wenyewe, akaurudisha. Alikuwa anaona haya, mpaka sasa, mwanawe akiwa ukingoni mwa kufa, alikuwa bado anaona haya, na kulijua hilo kulimtia haya kuliko yote.

"Kochi lilikuwa langu!" alipiga kelele. "La mamangu, na mimi ndiye niliyelirithi! Nililitupa kama taka, nikaapa si mimi, nikawapeleka ofisini niwafiche ukweli! Mgeni wa nyumba hii nilimfukuza bila kumuaga! Muache mtoto! Ukae kwangu!"

Vibarazani walikata maneno. Kisha ukaja uzito. Ulikuja bila hasira, ukamjia mapajani kama mtu mzima aliyechoka, ukaegemea kifuani, ukajinyoosha, ukaweka mikono miwili juu ya mikono yake miwili. Harufu ya udi ilijaa chumba. Kitandani, Sheikha alikunja goti moja, kisha la pili, akashusha miguu chini akasimama.

Siku hizi ukipita nyumba ile utamkuta Mahfudha sebuleni, kwenye kiti, anapoketi asubuhi hadi jioni. Sala anasali hapo hapo. Husema ni magoti, na wasiomjua huamini. Darsa hakuna tena, lakini wanawake wa mtaa hawakumtupa, nao huja Alhamisi kumjulia hali, kwa sababu waliyasikia yote na hakuna aliyecheka. Sheikha huingia na chetezo bila kutumwa, akakiweka miguuni pa mamake, na gilasi ya sharubati akaiweka mkononi mwake.

Wanawake humwamkia Mahfudha, naye huitika kwa sauti yake ile ile. Halafu wao huinua macho juu kidogo ya bega lake, wakaamkia mara ya pili, kwa adabu, kama anavyoamkiwa mgeni.

Hiyo nayo huitikiwa, kwa kinywa cha Mahfudha, na huku yeye machozi yanamtoka.