Kisaa cha Akiba

"Dola mia tano, na bila kisaa cha akiba sipandi ndege hiyo," rubani Venant alisema.

Vainqueur, tajiri wa Nyamianda aliyenenepa na vita, akamcheka. "Weye iko piloti ao bibi-arusi? Kisaa iko mule ndani. Angalia."

Kweli kilikuwamo: kidude chenye betri yake, cha kuonyesha kama ndege imelala upande, siku visaa vikubwa vinapokufa. Rafiki yangu Venant akakubali. Ndege ya Vainqueur ilikuwa imeuzwa kwa mtu wa Kalemie, ilipaswa kupelekwa huko, barabara zimefungwa na askari, na Vainqueur, asiyemwamini mtu yeyote kwa pesa, akapanda naye.

Juu ya ziwa wakaingia wingu jeusi kama kitako cha sufuria. Umeme ukakatika. Saa kubwa zikafa, redio ikanyamaza, ikabaki mvua ikigonga bati. Venant hakuona hata bawa lake. Akakikodolea macho kile kisaa kidogo. Kishale chake kikiinama kushoto, yeye anavuta kulia, mpaka wakatokea kwenye mwanga wa Kalemie, tajiri ameitapikia suti yake.

Walipotua, Venant akazima injini. "Kisaa chako kimetuokoa."

"Kile?" Vainqueur akapangusa mdomo. "Ni kopo tupu. Nilikibandika tu watu wa kontrole ya ndege wanyamaze."

Venant akakichomoa kwa bisibisi. Nyuma ya kioo hamkuwa na betri, wala waya, wala kitu chochote. Mkononi mwake kishale kikainama chenyewe taratibu upande wa ziwa, kikabaki hapo.

Vainqueur akaanza kusali. Venant hakumngoja amalize.

"Patroni, leta pesa yangu."