Kiganja Kimoja Kushoto

Risasi ya nne ilipita kwenye tundu lilelile la tatu zilizotangulia, na hapo ndipo Lida Kubena alipoinua shavu kutoka kwenye bunduki. Kupiga tundu moja mara nne ni jambo la kujivunia. Lakini baada ya kila risasi alikuwa ameirekebisha darubini ili risasi ihamie kulia, na kila risasi ilikuwa imerudi palepale: kiganja kimoja kushoto kwa shabaha.

"Bado?" aliuliza baba yake, Ervin, aliyekaa nyuma ya pikapu na kikombe cha kahawa.

"Bado."

"Basi umekosea hesabu. Chuo kikuu kimekufundisha kubishana tu."

"Aliyekosea ni wewe, Baba. Kwenye yadi mia, ukibonyeza kitufe cha darubini mara moja risasi inahama robo inchi. Hapa ni yadi ishirini na tano, inahama robo ya hiyo robo. Lazima ubonyeze mara nne zaidi. Wewe ulibonyeza kama uko yadi mia."

"Haya, bibi mwalimu. Mimi nilibonyeza vibaya, wewe umebonyeza vizuri. Mbona tundu ni moja?"

Lida aliinamia tena darubini, akahesabu upya.

Ilikuwa asubuhi ya Machi, baridi imelala juu ya udongo mweusi wa Texas, hali ya hewa inayoifaa darubini ya joto kuliko zote. Nguruwe pori walikuwa wamefukua mistari kumi na miwili ya mahindi yaliyopandwa wiki ile. Darubini ya namna hiyo haioni wino wala karatasi. Inaona kilicho na joto tu. Kwa hiyo Lida alikuwa amebandika nyuma ya kadibodi ya ubao wa shabaha kifuko kimoja cha kupashia mikono, nacho kiling'aa ndani ya darubini kama kaa la moto.

Bunduki yenyewe ilikuwa imerudishwa Jumanne na sherifu, mkuu wa polisi wa pale. Ndiyo iliyomuua Chon Barrientos.

Chon alikuwa fundi wa pampu za maji katika shamba la jirani. Magharibi moja ya Novemba alichuchumaa ukingoni mwa mfereji akikaza nati, Ervin akafyatua, basi. Ervin alisema alilenga nguruwe, darubini ikavuta kushoto, kiganja kimoja. Ikaandikwa kuwa ni ajali. Watu waliponong'ona, Lida alirudi kutoka chuoni, akasimama katika ukumbi wa parokia siku ya chakula cha soseji, akamtetea baba yake dakika saba bila karatasi. Kilichokosea ni mashine, alisema. Angeishia hapo! Lakini makofi yalimlevya, akaongeza: na mtu mwenye akili zake alikuwa anatafuta nini ukingoni mwa shamba la watu, giza linaingia, hana hata tochi?

Sentensi moja. Tangu siku ile Chon akawa mwizi wa mabomba. Hakuna aliyelitamka neno hilo, ila hakuna aliyemsalimu mkewe, Amparo, mpaka akaacha kuja misa. Na huyo mwizi ndiye aliyekuwa akimenya chungwa wakati wa mapumziko na kumpa Lida nusu, Lida akiwa na miaka sita.

"Tuanze upya," Lida alisema. "Kimoja kimoja."

Wakakagua skrubu za vishikizo: zimekaza. Mfuko wa mchanga chini ya bunduki: imara. Wakabadili risasi, wakabadili betri, wakafuta vipimo vyote vilivyohifadhiwa ndani. Lida akafyatua. Tundu lilelile.

"Imelaaniwa," Ervin alisema, akicheka.

Lida akarudi kwenye darubini. *Tak.* Kile kifuniko kidogo cha ndani kilijifunga ili mashine ijipime. Picha ikaganda kwa sekunde moja, kama kawaida yake, ikafunguka. Kando ya shabaha, juu ya tundu, palikuwa na alama ya mkono.

"Baba, umeushika ubao?"

"Niushike na nini? Si niko hapa?"

Ukiweka mkono kwenye kitu baridi, joto lako hubaki pale kwa muda mfupi, na darubini huliona. Lakini hubaki likififia. Hili lilikuwa likizidi kuwaka. Mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho hakikuwepo.

Kidole cha mwisho cha Chon kilikatwa na mkanda wa pampu mwaka ambao Lida alianza shule.

*Tak.* Picha ikaganda, ikafunguka, na sasa chini ya ubao palikuwa na nyayo mbili zenye moto, na Lida alipotazama kwa macho yake matupu aliona umande na udongo, hakuna kitu, hakuna hata unyasi uliolala. *Tak*, nyayo nne. *Tak*, nyayo tisa, zinakuja, hazina haraka, zinakuja kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda na anayejua kwamba hutaondoka, na upepo uliokuwa ukivuma kutoka mgongoni mwa Lida ukageuka, ukaleta harufu ya maji ya mfereji na mafuta ya mashine, na nyuma ya harufu hizo, tamu, kali, ya karibu kabisa kama iliyo mkononi mwa mtu aliyekaa pembeni yako, harufu ya chungwa linalomenywa.

"Baba," alinong'ona, "ile siku, darubini ilikuwa inavuta kweli?"

Ervin aliinamia kikombe chake.

"Baba! Anakuja."

Hakuuliza nani. Kikombe kilimwanguka. "Ilikuwa sawa," alisema. "Niliisawazisha asubuhi yake. Tundu moja, katikati. Niliona donge la joto chini kule, nikasema nguruwe. Sikungoja liinue kichwa. Nililenga palepale ilipopiga."

"Na mimi nikasimama mbele ya watu!"

"Punguza sauti, mwanangu."

"Nani wa kutusikia? Yeye? Yeye anajua!"

Alipotazama tena, nyayo zilikuwa zimesimama hatua tatu mbele ya bunduki. Zikasubiri. Ulisema inavuta, ndivyo mzimu ule ulivyokuwa ukisema kwa kila risasi, basi itavuta.

Siku hiyohiyo Lida alikwenda kwa Amparo. Hakukaribishwa ndani. Aliyasema yote pale mlangoni, macho yake kwenye viatu vyake, na kwa mara ya kwanza maishani maneno yalimtoka kama mawe.

"Uliyasema hapa?" Amparo aliuliza.

"Hapana, bibi. Ukumbini."

"Basi usiniletee hapa."

Jumapili, ukumbini baada ya misa, watu wakiwa na maandazi ya kolachi na kahawa mikononi, Lida alisimama. Hakupangilia hoja. Alisema Chon alikuwa kazini, alisema darubini haikuwa na kosa, alisema yeye alimwita marehemu mwizi kwa kuuliza swali. Hakuna aliyepiga makofi. Amparo alikuwa mlangoni, amesimama, amevaa nyeusi. Lida akamgeukia baba yake, amwachie nafasi. Ervin alikuwa akitazama sahani yake. Aliitazama mpaka watu wakaanza kuondoka.

Jumatatu asubuhi wakaweka ubao tena, yadi ishirini na tano. Lida alipiga tatu. Zote tatu zikapita katikati ya kifuko.

"Unaona?" Ervin alisema, akijichangamsha. "Imepona. Lete."

Akapiga. Kiganja kimoja kushoto. Akapiga tena. Palepale.

"Bado inavuta," alisema, bila kumtazama binti yake.

Lida aliitoa risasi iliyobaki, akafungua skrubu, akaishika darubini peke yake mkononi kama mtu anayeshika kurunzi, akamwelekezea baba yake. Uso wake uling'aa, shingo yake iling'aa. Kwenye bega la kushoto, juu ya koti nene lililopaswa kuonekana jeusi kwa ubaridi, ulikuwepo mkono wa vidole vinne, unawaka kuliko nyama yake yeye mwenyewe.

*Tak.* Picha ikaganda. Ilipofunguka, mikono ilikuwa miwili.

"Unatazama nini?" Ervin akauliza, akakunja pua, akageuka huku na huku. "Na nani anamenya chungwa hapa?"