Jina la Handaki

Kila asubuhi Ham alilisha bata, akafagia uwanja, kisha akapanda nyuma ya baiskeli ya baba yake, aliyempeleka shule akielekea kazini katika kiwanda cha nguo mjini Nam Dinh. Zamani aliipenda safari ile. Siku hizi aliomba baiskeli ipate pancha.

Shida ilikuwa jina. Kwa lugha yao, Ham maana yake ni handaki, na darasa lake jipya halikuwa na huruma.

"Handaki, fungua mdomo tujifiche!" Khoat alipiga kelele kila mapumziko. "Ndege zinakuja!"

Wengi darasani walizaliwa wakati wa vita. Alikuwamo Thang, yaani Ushindi, na Binh, yaani Amani. Hao hakuna aliyewacheka.

Basi Ham akamwambia Mwalimu Thuc, "Bibi amenibadilishia jina. Sasa naitwa Hoa."

Hoa ni ua. Mwalimu akakubali, na Ham akapumua.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Siku moja alisahau chakula nyumbani, na Bibi akaja akichechemea hadi mlangoni mwa darasa na viazi vitamu vya kuchemsha.

"Karibu, bibi," mwalimu alisema. "Hoa ni jina zuri ulilompa."

Bibi alimtazama mjukuu wake. Ham aliinamisha kichwa kwa aibu.

"Ee, mwalimu," Bibi akajibu taratibu. "Nilimbadilishia. Uzee huu! Hata nilikuwa nimesahau."

Khoat hakuweza kunyamaza. "Bibi, mbona mwanzo ulimwita Handaki?"

"Wewe ungezaliwa bwawani ungeitwa Chura," Bibi alisema, darasa likaangua kicheko. "Mabomu yalikuwa yanaanguka, mwanangu. Handaki la mtaa lilijaa, ikabaki nafasi ya mtu mmoja. Mkwe wangu alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Nikamsukuma ndani."

"Na wewe je?"

"Mimi nilibaki nje."

Wote waliutazama mguu wake. Ham alikuwa ameuona mguu ule maisha yake yote, wala hakuwahi kuuliza. Alisimama, machozi yakimtoka.

"Mwalimu, nilidanganya. Bibi hakubadilisha kitu. Naitwa Ham."

Mwalimu Thuc alimshika bega. "Wenzako walipewa majina ya kile wazazi wao walichokitamani. Wewe ulipewa la kilichokuokoa. Ukilificha kwa uongo, unamficha na aliyekupa nafasi yake. Tena umemfanya naye adanganye kwa ajili yako."

Khoat alikwaruza dawati kwa ukucha.

"Haya, Ham," Bibi alisema akifuta macho, "kula viazi. Vinapoa."