Mstari Ulioishia Tano

Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote, Chiriku na binamu yake walipiga mswaki kwenye sinki moja huku wamepeana migongo. Tangu binamu ahamie kwao, Chiriku hakumwita kwa jina. Alimwita "mgeni", ili asisahau nyumba ni ya nani.

Mwalimu wa hesabu alikuwa ametoa kazi ngumu. Waandike namba kuanzia moja, ila wasihesabu kwa makundi ya kumi waliyoyazoea. Kila mwanafunzi alipewa makundi yake. Mwenye makundi ya sita, kwa mfano, akifika sita huandika moja na sifuri. Kisha wajumlishe tarakimu za kila namba na kupanga majibu kwa mstari. Mshindi angeiwakilisha shule kwenye mashindano. Makundi yalipogawiwa, Chiriku alikuwa akipiga soga, maana jina hilo hakupewa bure. Basi asubuhi hiyo, binamu alipokwenda kuvaa viatu, Chiriku akainakili karatasi ya mwenzake upesi upesi.

Darasani, mwalimu aliziweka karatasi mbili mezani. "Hizi ni pacha. Nani kamwibia mwenzake?"

"Huyu," Chiriku akadakia. "Nyumbani anaiba hata sabuni yangu. Mtoe kwenye mashindano, mwalimu."

Binamu alimtazama kwa chuki isiyofichika. "Sabuni nanunuliwa na mama. Na hiyo kazi nimeifanya mwenyewe." Tangu ahamie, hakuna kitu alichokitaka kama mashindano yale.

"Chiriku," mwalimu akasema, "mstari wako unapanda hadi tano, halafu unarudi moja. Kwa nini?"

"Ndivyo jibu lilivyotoka."

"Kwa nini usifike saba?"

Chiriku akaichungulia karatasi ya binamu.

"Makundi ya sita nilimpa binamu yako," mwalimu akasema. "Wewe nilikupa ya nane."

Darasa zima likamcheka bila huruma. Chiriku aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akaomba radhi mbele ya wote.

"Nimesikia," binamu akajibu. Hakusema amesamehe.

Mwalimu akampa Chiriku chaki. Chiriku akaanza kuandika ubaoni, akapanda hadi saba. Nane akaiandika moja na sifuri, akajumlisha, akapata moja.

"Kumbe ulikuwa unaweza," mwalimu akasema. "Lakini mashindanoni atakwenda binamu yako. Nawe ukumbuke, njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia tano."