Natoa Dhahabu, Natafuta Kijivu

"Chai imechemka."

Shirakura Itsuki alihamishia simu sikio la pili. "Vikombe vingapi?"

"Kimoja tu. Kitanywewa leo, hapo hapo bandari ya Shimizu, kabla meli haijang'oa nanga." Sauti ya mkuu wake, Onodera, ilikuwa kavu kama siku zote. "Na jambo jingine. Mwenzako Tsukuda yuko karibu?"

Shirakura alichungulia kupitia kioo cha Toyota Crown. Ng'ambo ya barabara, Tsukuda Chiharu alikuwa kwenye foleni ya tiketi, mikono mfukoni, koti la kazini limefungwa vifungo vyote.

"Yuko mbali."

"Vizuri. Mtazame yeye kuliko unavyoutazama mzigo. Niigata tulikosa. Moji tulikosa. Kuna mtu anatuuza, na kote huko mlikuwa wawili tu. Mzigo ukipotea leo, mtie pingu palepale."

Shirakura alipandisha kioo cha gari.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, mkuu."

Simu ikakatika.

Miaka kumi na moja alikuwa amefanya kazi ya upelelezi na Tsukuda. Ni Tsukuda aliyeruka kwenye maji ya baridi ya bandari ya Niigata na kumvuta yeye kwa ukosi, wakati midomo yake ilikwisha kugeuka rangi. Kumtia pingu Tsukuda! Afadhali angeambiwa ajitie mwenyewe. Lakini shaka ilikwisha kuingia.

Akashuka garini.

Mzigo wenyewe, ile chai ya kwenye simu, ulikuwa mdogo kuliko ukucha. Ni kitambuzi cha mwelekeo kilichoibwa katika kiwanda kimoja cha Hamamatsu. Ukikitia kwenye kombora, kombora haliulizi njia tena. Muuzaji angemkabidhi mnunuzi hapa, katikati ya maonyesho ya mashabiki wa katuni, na mnunuzi angepanda meli. Sura zao hakuna aliyezijua.

Uwanjani, Hibashira alisimama na bandari nyuma yake, roboti wa chuma mrefu kama jengo la ghorofa sita, kifua chekundu, goti la kushoto lina kovu la vita vya kwenye katuni. Watu wazima wenye mvi walikuwa wamekaa chini mbele yake na vyakula vyao, wanamtazama tu. Wengine walikuwa wanafuta machozi. Shirakura hakuelewa mtu analilia nini mbele ya chuma, na hakujisumbua kuelewa.

Alinunua kahawa ya kopo kwenye mashine, kama alivyofanya katika kila kazi. Hakuifungua. Mtu mwenye kopo mkononi haulizwi anasubiri nini.

Kisha akapanda ghorofa ya juu ya ukumbi, akajibanza nyuma ya bango la Hibashira. Bastola yake ya SIG ilikuwa kwapani, pingu kiunoni. Kifaa chake cha sikioni kilishika chaneli moja tu kwa wakati. Chaneli ya kwanza ilikuwa yake na Tsukuda. Ya tatu ilikuwa yake na Onodera.

Akaizima ya kwanza, akafungua ya tatu.

Chini, Tsukuda alikuwa anapita kati ya meza za vielelezo. Alipita kama mtu aliye sebuleni kwake. Hakutazama vibao vya njia. Alijua pa kukunja.

Binti mmoja mwenye nywele za buluu alimkimbilia na kuinama. "Dada Hotaru! Kumbe umekuja! Ulisema kazi imekubana!"

Hotaru?

Tsukuda aligeuka kushoto, akageuka kulia kama mwizi wa kuku, kisha akaweka kidole mdomoni. Akatoa simu kwenye mkoba. Si ile ya kazini. Ni nyingine, yenye kasha jekundu, ambayo Shirakura hajapata kuiona katika miaka yote hiyo.

"Mkuu," Shirakura alinong'ona. "Ana jina jingine. Na simu ya pili."

"Sasa umeniamini?" Onodera alisema. "Usimwachie hata akienda msalani."

Na msalani alikwenda kweli. Aliingia na koti la kazini, akatoka bila koti, na mfuko begani uliobandikwa beji za Hibashira hadi mkandani. Mtu anayebadili nguo katikati ya kazi bila kumwambia mwenzake ana safari yake mwenyewe.

Tsukuda alitoka nje uani. Shirakura akasogea dirishani na kuinua darubini yake ndogo ya Nikon.

Uani ndiko mashabiki walikobadilishana visanamu. Vile visanamu hutoka kwenye mashine, ndani ya mpira wa plastiki. Unatia sarafu, unazungusha kitasa, unapata utakachopata, hakuna kuchagua. Anayepata vya kurudia huja uani, hutandika kitambaa chini, huandika kwenye kadi anachotoa na anachotafuta. Pesa hazitajwi hapo. Ukitaja pesa, watu wanakuhama kimya kimya.

Mwanamume mmoja wa makamo alikaa pembeni. Koti lake la mashabiki lilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Kadi yake ilisema: *Natoa rubani wa dhahabu. Natafuta fundi wa kijivu.*

Watu walimwendea wakiwa na mafundi wa kijivu viganjani. Aliwatazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa. Mwingine akaja. Akatikisa kichwa. Wakaanza kunong'onezana. Yule binti wa nywele za buluu akaenda kumvuta Tsukuda mkono na kumwonyesha.

Tsukuda hakumwendea yule mtu. Aligusa sikio lake. Midomo yake ilicheza. Alikuwa anaongea na nani?

Kisha akaenda moja kwa moja kwa mwanamume mwingine, jitu lenye kamera shingoni, lililosimama karibu na mashine za vinywaji na kisanamu kimoja kiganjani. Tsukuda akainama. Akasema kitu, akacheka, akakitazama kile kisanamu. Jitu likarudisha mkono mfukoni upesi. Tsukuda akainama tena, akajitenga nyuma ya nguzo, akatoa rangi ya mdomo.

Ishara, Shirakura aliwaza. Wanapeana ishara.

Sasa Tsukuda alikuwa amechutama mbele ya mwenye koti jipya. Akampa kitu kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Yule mtu akakigeuza, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akampa rubani wa dhahabu.

"Mkuu," Shirakura alisema, akishusha darubini. "Mnunuzi ni Tsukuda."

"Mkamate!"

Alishuka ngazi mbili mbili. Alipenya ukumbini, akapiga kikumbo meza ya vielelezo, mtu akapiga yowe, yeye akasema samahani bila kusimama. Moyo ulimwuma hasa, si maneno ya kusema tu. Angeweza kumsamehe mtu yeyote duniani ila huyu.

Akamdaka mkono.

"Chiharu. Usisogee."

Tsukuda aliruka. "Wewe! Ulikuwa wapi? Nimekuita mpaka sauti inakauka! Umeziba masikio?"

"Weka hicho chini."

"Niweke nini? Huu ndio mzi—" Akaona pingu zikining'inia kwenye vidole vya mkono uliomshika. Akaziangalia, akamwangalia yeye usoni. Hakuuliza za nani. Rangi ilimtoka taratibu.

Mwenye koti jipya naye alikuwa anaangalia. Macho yake hayakuwa kwenye pingu. Yalikuwa kwenye mkono wa pili wa Shirakura, uliokuwa bado umeshika kahawa.

"Ni yule wa kopo!" akabwata. "Kimbia! Yule wa kopo yuko hapa!"

Akapiga teke kitambaa, visanamu vikatawanyika, akachomoka. Kwenye mashine za vinywaji, jitu lenye kamera nalo likageuka na kutimka kuelekea langoni.

Wawili!

Shirakura hakuwa na muda wa kufikiri. Alimwachia Tsukuda.

"Langoni!" Tsukuda alikuwa tayari anapiga kelele kwenye redio yake, akiwaita askari waliowekwa langoni. "Jitu, kamera shingoni, shati jeupe! Lizuieni!"

Mwenye koti alikimbilia kwenye miguu ya Hibashira. Wakati huo huo onyesho la alasiri lilianza. Tarumbeta zikalia, vifuniko vya magoti vikafunguka, moshi mweupe ukamwagika. Mashabiki wote walikuwa wameketi kwa mistari iliyonyooka, na hakuna aliyeinuka. Mtu aliyekimbia alikuwa peke yake amesimama uwanja mzima.

"Kaa chini wewe, unaziba!" mzee mmoja alifoka.

"Shika adabu, kaka!"

Akaruka uzio. Shirakura akaruka nyuma yake. Kisu kikang'aa kwenye moshi na kupasua mkono wa koti la Shirakura. Akarudi nyuma hatua moja. Hakuweza kufyatua bastola mbele ya familia za watu. Yule mtu akageuka kukimbia tena.

Shirakura akatupa kopo.

Kahawa nzima, haijafunguliwa, ilimpata kisogoni. Alikwenda chini kama gunia la mchele na kutulia kwenye kidole gumba cha mguu wa Hibashira. Uwanja ukapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Pingu zikafunga. Zilikuwa zile zile.

"Samaki wa pili yuko wavuni," redio ya Tsukuda ilisema nyuma yake. Alikuwa amefika, anahema, rubani wa dhahabu kiganjani. Akamzungusha kichwa, kikatoka. Ndani ya shingo, kitambuzi kilimeta.

"Nani alikuambia kuhusu mimi?" Shirakura alimwinamia mateka wake. "Nani anatuuza?"

Yule mtu alicheka na kutema vumbi. "Kukuuza wewe? Nani atoe pesa kununua kinachoonekana bure? Niigata ulisimama gatini na kahawa ya kopo, hunywi. Moji tena, kopo lile lile, hunywi. Sisi wote tunakujua, bwana mkubwa. Tukimwona wa kopo, tunakunja biashara. Leo hukuonekana, ndiyo maana nikakaa."

Leo hakuonekana kwa sababu alikuwa amejificha kumpeleleza Tsukuda.

Shirakura alinyanyuka. Masikio yalimwaka moto. Askari wawili waliovalia kiraia wakaja wakamchukua yule mtu, na moshi ukaisha, na watu wakaanza kupiga picha.

"Uliwajuaje wote wawili?" alimwuliza Tsukuda, maana ndilo swali rahisi.

"Hakuna shabiki anayetoa dhahabu kwa kijivu. Dhahabu watu huzungusha kitasa mwaka mzima hawaipati. Mafundi wa kijivu ninao tisa nyumbani, nimekosa pa kuwaweka. Halafu anapelekewa, anakataa? Alikuwa anasubiri fundi wake mmoja maalumu. Nikaangalia nani mwingine ana fundi mmoja asiyemwonyesha mtu. Fundi wa lile jitu alikuwa na mkono mwekundu, ndio alama yao. Wangu nikampaka rangi ya mdomo." Alisema yote hayo bila kumtazama. "Nilikueleza kila hatua. Kwenye chaneli ya kwanza."

"Niliizima."

"Naona."

"Hotaru ni nani?"

"Ni mimi. Nimempenda Hibashira tangu nina miaka tisa. Nachora, naandika, nina watu wanaonifuata. Kazini sijasema kwa sababu mngenicheka mpaka nistaafu."

"Nisingecheka."

"Ungecheka, Shirakura."

Angecheka kweli. Akainamisha kichwa.

"Yule mtu asingekimbia," Tsukuda alisema, "ungenifunga?"

Angeweza kusema hapana. Uongo mdogo tu, na kwa kazi yao uongo ulikuwa mkate wa kila siku.

"Ndiyo."

Tsukuda aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea chenji aliyoitarajia. Macho yake yalilowa, lakini sauti haikutikisika. "Asante kwa kutonidanganya."

Sikioni mwa Shirakura, Onodera alikuwa anaunguruma. "Shirakura! Tsukuda yuko wapi? Umemtia pingu?"

Alibonyeza kitufe. "Mzigo tunao, mkuu. Muuzaji na mnunuzi wote tunao. Tsukuda ndiye aliyefanya kazi yote."

"Na anayetuuza?"

"Ni mimi. Niigata na Moji zote ni mimi. Wananijua kwa sura na kwa mazoea. Andika hivyo."

Upande wa pili kalamu ilikwaruza karatasi.

"Rudi ofisini," Onodera alisema hatimaye.

Tsukuda alikuwa amesikia. Uso wake ulilegea kidogo tu, kisha ukarudi ulivyokuwa. Alimkabidhi kitambuzi ndani ya mfuko wa plastiki, na akabaki na rubani wa dhahabu asiye na kichwa.

"Twende," Shirakura alisema. "Gari liko pale. Tukale supu ya oden njiani, kama zamani. Nalipa mimi."

"Nitarudi kwa treni."

"Chiharu."

"Jumatatu nitaomba mwenzangu mwingine wa kazi. Sikuchukii. Ila nikiwa majini nataka mtu ambaye sitamfikiria mara mbili, na wewe sasa nitakufikiria." Akarekebisha mfuko wake wa beji begani. "Uliniacha niitwe msaliti bila hata kuniuliza. Swali moja tu, Itsuki. Lingekugharimu nini?"

Tsukuda hakusubiri jibu. Aligeuka na kwenda zake kati ya mashabiki, hatua za mtu aliyemaliza kazi na hadaiwi na yeyote. Binti wa nywele za buluu alimpungia, mtu akamsogezea nafasi chini, mwingine akampa kikombe cha chai. "Dada Hotaru, ilikuwaje? Yule alikuwa tapeli?" Tsukuda akajibu kitu, na wote wakaangua kicheko.

Shirakura alivaa miwani yake ya jua. Akatia mzigo mfukoni, akanyoosha koti lililochanika, akaelekea garini taratibu bila kugeuka nyuma. Mtu asiyemjua, akimwona vile, angesema yule bwana hana shida yoyote duniani.