Safu Iliyoachwa Wazi

Haya nimeyapata kwa shoga yangu, karani wa masjala ya hospitali, na si mtu wa kuongopa. Mama yake alipofia wodini, kitanda cha saba, mkono ulimgoma kujaza safu ya kutoka kwenye daftari la wagonjwa. Akaiacha wazi. Tangu hapo, kila asubuhi daftari lake lilisema wagonjwa ishirini, wodini wakihesabiwa kumi na tisa.

"Dada, huyo wa ishirini umemficha wapi?" nesi mgeni alimtania.

Wiki ya tatu umeme ulikatika, chumba cha mafaili kikawa giza totoro. Shoga yangu, akiwa humo, akasikia ndala zikiburuzwa koridoni, taratibu, kama za mama yake. Simu ikalia.

"Dada, leo tumelingana," nesi alisema. "Ishirini. Bibi wa kitanda cha saba anauliza mwanawe atamruhusu lini aende."