Pacha Wangu Alijua, Akanyamaza

Nina miaka ishirini na sita. Ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, na darasani kwetu wapo wanaonipa shikamoo kabla hawajaniazima kalamu. Wenye umri wangu wameshaajiriwa zamani. Nani aliniponza? Soma mwenyewe halafu uamue... mimi nimeshaamua!

Jina langu ni Doto. Ukisikia Doto unajua kuna Kulwa mahali. Naam, yupo! Alinitangulia kuzaliwa kwa muda usiotosha hata kuchemsha chai, na kwa muda huo mdogo akachukua kila kitu. Mama anaitwa Mama Kulwa. Baba anaitwa Baba Kulwa. Mtaa wetu mzima wa Ibadakuli, Shinyanga, sijawahi kumsikia mtu akimwita mama yangu Mama Doto.

Labda ndiyo maana wazazi wetu walishika sana ile desturi ya kuwapa mapacha sawa. Majirani nao waliifuata, lakini kwetu ilizidi. Kulwa akishonewa gauni, na Doto ashonewe. Hata Kulwa akichapwa, mimi niliguswa fimbo kidogo nisije nikaonekana nimebaguliwa! Mama aliamini kwamba ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, yule aliyenyimwa ataugua.

Sote wawili tulitaka uuguzi. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mimi nilimshinda Kulwa kwa mbali. Ndiyo, nalisema bila haya, maana ni mara moja tu nimewahi kumshinda! Mwalimu wetu wa baiolojia aliniita akanishauri niende kidato cha tano, nisome fizikia, kemia na baiolojia, kisha chuo kikuu, nitoke na shahada ya uuguzi. Kulwa ufaulu wake ulimtosha kusoma stashahada, akachaguliwa chuo cha serikali. Mwalimu alisema njia yangu ni ndefu lakini inafika mbali. Nikaitikia vizuri kabisa.

Mwezi wa Desemba nikarudi likizo kutoka kidato cha tano. Nimekonda kwa maharage ya bweni, mikono ina alama za tindikali ya maabara. Siku ya pili yake akaja Kulwa... Jamani! Gauni jeupe limepigwa pasi, saa imebandikwa kifuani, kiatu cheusi kinang'aa. Alikuwa na miezi michache tu chuoni, hata sindano hajawahi kushika, lakini wanawake wa mtaani walianza kumletea watoto wenye homa. Nesi amekuja! Nesi amekuja!

Unajua mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nawatolea viti. Baba, mtu asiyecheka hovyo, alikaa mlangoni akisema kwa kila anayepita kwamba yule ndani ni nesi wake. Mimi niliyekuwa nasoma masomo magumu kuliko yeye hakuna aliyeniuliza chochote, isipokuwa shangazi, aliyetaka kujua kama michembe, vile viazi vyetu vikavu, imeiva.

Wivu uliniingia mpaka nikashindwa kula. Usiku nililala kitanda kimoja na Kulwa kama zamani, na lile gauni likining'inia ukutani mbele yangu. Nikajiambia sirudi kidato cha tano. Miaka yote ile ya kusubiri mpaka nivae nyeupe? Kwa nini mimi?

Basi stendi ya Shinyanga nikaokota kipeperushi cha chuo kimoja kilichokuwa kwenye mji wa machimbo, upande wa Geita. Uuguzi, miaka miwili, unapokelewa mwezi wowote, sare unapewa siku ya kwanza! Ile sare ndiyo iliyonimaliza. Nilipopiga simu, mkuu wa chuo alisema usajili uko njiani, nisihofu.

Hapo niliogopa kidogo. Nikamwendea Kulwa jikoni nikamwonyesha kile kipeperushi. Nikamwuliza, wewe uko chuoni, je, hiki ni chuo cha kweli? Alikisoma taratibu, akakigeuza nyuma, akanirudishia. Aliniambia niende tu, nesi ni nesi.

Baba alikataa katakata. Alitaka nirudi shule. Lakini mama alisimama na desturi yake, akasema Kulwa ameuziwa ng'ombe apate ada, Doto naye auziwe, na Kulwa ana gauni jeupe, Doto naye avae. Baba alimaliza mwezi mzima hanisemeshi. Mwisho ng'ombe akauzwa, na nafasi yangu ya kidato cha tano ikapotea.

Kile chuo kilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri. Karibu yetu palikuwa na karasha la kusagia mawe ya dhahabu, likiwaka mwalimu ananyamaza mpaka lizimwe. Mimi sikujali! Nilipewa sare, nikapiga picha, nikamtumia Kulwa kabla sijajua hata darasa liko wapi. Akanijibu kwamba nimependeza.

Mafunzo ya vitendo tulipelekwa machimboni Nyarugusu, huko huko Geita, kwenye duka la dawa lenye kitanda nyuma ya pazia. Nilisafisha vidonda vya wachimbaji, nikachoma sindano ambazo leo nisingethubutu kuzichoma. Wachimbaji waliniita dokta. Nilivimba kichwa! Nikirudi nyumbani likizo, mimi na Kulwa tulikaa pamoja mlangoni, weupe kwa weupe, na nikahesabu kimoyomoyo nani kaletewa watoto wengi.

Kisha siku moja asubuhi wakaja maofisa wa serikali. Wakauliza maswali machache, wakafunga milango. Mkuu wa chuo alikuwa ameshakimbia. Ofisa mmoja, mama wa makamo, alituambia kwa upole kwamba chuo hakijasajiliwa, hatutafanya mtihani wowote unaotambulika, na hakuna leseni itakayotoka pale. Msichana wa kutoka Chato alianguka chini akalia. Mimi nilibaki nimesimama na lile gauni langu...

Miaka miwili imekwenda. Ng'ombe amekwenda. Kidato cha tano kimekwenda. Nilimpigia simu Kulwa nikilia, naye akanipa pole kwa sauti nzuri ya kinesi. Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza!

Nikakaa nyumbani nikilima mpunga, Kulwa akahitimu. Siku ya sherehe yake wageni walijaa uani, mama akacheza mpaka kanga ikafunguka. Mimi nilikuwa nagawa soda. Mmoja wa wasichana waliosoma naye akanishika mkono, akanipa pole ya chuo changu, kwa nia njema kabisa. Akasema Kulwa alipowatajia kile chuo, wao walimwambia mapema anizuie. Mwaka wa kwanza, wiki ya kwanza, walifundishwa kutambua chuo kilichosajiliwa na kisichosajiliwa...

Wiki ya kwanza! Yaani kabla ya ile Desemba. Kabla sijamwonyesha kipeperushi jikoni.

Nilimvuta Kulwa nyuma ya zizi, na joho lake la mahafali, nikamwuliza kama ni kweli. Nilitegemea akatae. Nilitamani akatae!

"Nilijua," akasema. "Tangu tuzaliwe sijawahi kuwa na kitu changu peke yangu, Doto. Kila nikipewa, na wewe unapewa. Ulinishinda mtihani, ungetoka na shahada, ungekuja kuwa bosi wangu. Nilitaka kitu kimoja tu ambacho wewe huna."

Maisha yangu yote nilidhani mwenye wivu ni mimi! Kumbe tulilala kitanda kimoja, kila mmoja akimwonea mwenzake wivu gizani. Alilia, mimi sikulia. Nilirudi nikaendelea kugawa soda.

Ilinichukua miaka kunyanyuka. Vyeti vyangu vya kidato cha nne vilikuwa bado safi, nikaomba upya stashahada kwa njia halali, chuo kinachotambulika, na nikakihakiki mwenyewe kabla ya kulipa chochote.

Mwezi uliopita tulipangwa wodini kwa vitendo. Nesi mkuu wa wodi ile ni nani? Kulwa! Alitusimamia tukitandika vitanda. Wenzangu walimaliza, akafika kwangu, akaliangalia shuka, akaniambia kona ile nirudie. Alikuwa sahihi, sikuibana vizuri. Nikairudia mbele ya watoto wa miaka kumi na tisa, nikamwitikia, "Sawa, sista," na wivu ukanirudia upya. Nikisema nimemsamehe nitakuwa nawadanganya.

Wadogo zangu mnaosubiri matokeo, nawasihi. Ukipewa nafasi ya kidato cha tano, usiitupe kwa sababu mwenzako ameanza kuvaa sare. Ukitaka chuo, kihakiki kwa wanaohusika, na ukiambiwa usajili uko njiani, ondoka! Na ukimwomba ushauri ndugu yako anayekupenda, asante, msikilize... halafu nenda ukamwulize na mtu ambaye hatapungukiwa chochote wewe ukifanikiwa.